Mzigo wa Kwenda, Mzigo wa Kurudi

Kila asubuhi nikitoka kutembea hapa Iringa nabeba jembe. Jembe lenyewe halijawahi kugusa udongo, na karatasi ya dukani bado imeng'ang'ania mpini. Wiki yangu ya kwanza baada ya kustaafu, jirani yangu anayeuza uji karibu na kanisa alinisimamisha. "Kamwene, mama. Shamba lako liko upande gani?" Nikamwambia ni mbele kidogo. Tangu hapo tunasalimiana na kila mtu anashika njia yake. Ninyi mliobaki wodini mmeniomba niandike jinsi programu ya matembezi ilivyoanza. Nimeanza na jembe kwa sababu ndilo lililobaki mkononi baada ya kazi yote ile.

Habari za vyeo na mishahara sitaziandika. Vilikuja kwa kuchelewa, na nyinyi mtavisubiri kama nilivyovisubiri.

Nilifika Mbeya nikiwa muuguzi mgeni kabisa, binti wa Ilula niliyekulia kwenye matenga ya nyanya kando ya barabara kuu, sijui Kinyakyusa hata cha kuombea maji. Wodi ya wagonjwa wa akili ilikuwa mwisho wa hospitali, nyuma ya jengo la kufulia nguo, mahali ambapo ukungu wa asubuhi huchelewa kuondoka. Nilikabidhiwa daftari la zamu, sweta la mtu aliyehama, na kishada cha funguo kumi na moja. Milango ilikuwa mitano. Nilipouliza zile nyingine ni za nini, msimamizi wa wodi alisema na yeye alizikuta. Miaka mingi baadaye nilimkabidhi aliyenifuata zote kumi na moja, naye akaniuliza swali lilelile.

Aliyenifundisha kazi alikuwa mhudumu wa wodi, Mama Tusajigwe, mwanamke mnene wa Rungwe mwenye sauti ya kwaya. Alipiga deki, aligawa uji, na alijua nani atagombana na nani kabla wenyewe hawajajua. Siku hiyo ya kwanza alinikuta nimesimama katikati ya wodi nachezea funguo kwa woga, akanitolea uvivu.

"Mwanangu, hizo tia mfukoni. Ukiendelea kuzilizaliza hivyo watasikia funguo tu. Hata ukiwaambia habari za asubuhi hawatakusikia."

Nikazitia mfukoni. Sare zangu zote zilitoboka mfuko wa kulia.

Nilikuwa nimeshaizoea wodi, nimekuwa msimamizi wake, ndipo akaletwa Ambokile. Alikuwa mwanaume wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, mpole mno, kutoka kijiji cha wakulima wa viazi mlimani juu ya mji. Aliletwa na kaka yake mkubwa, Yohana. Mikono ya Ambokile ilikuwa na vidonda kuzunguka vifundo vya mikono, na sikuhitaji kuuliza vilitokana na nini. Niliuliza hata hivyo, kwa sababu fomu ina nafasi yake.

"Tulimfunga," Yohana alisema bila kumung'unya maneno. "Sista, huyu mtu kichwa chake hakina shida sana. Shida yake miguu."

Akaeleza. Ugonjwa ukimpanda Ambokile huinuka alipo na kuondoka. Hamtukani mtu wala havunji kitu, anatembea tu, kwa sababu kuna sauti inamwita. Mara tatu alivuka safu ya milima kwa miguu akaenda kutokea Makongolosi, kwenye machimbo ya dhahabu, bila viatu. Mara ya tatu Yohana alimtafuta siku tisa, akamkuta amelala ukingoni mwa shimo la wachimbaji. Aliporudi naye nyumbani akamfunga kwenye nguzo ya stoo.

"Nimemleta mumtibu aache kutembea," alisema. "Akiacha, namchukua. Asipoacha, mimi kamba ninayo."

Niliandika kwenye faili: ndugu anampenda, ndugu anamfunga. Daktari wa zamu alinirudishia akaniambia nichague moja. Sikuchagua.

Miezi michache baadaye ikaja barua kutoka juu. Dawa zetu zilikuwa zinatuliza sauti vichwani lakini zinanenepesha watu na kukakamaza miguu, na sasa ikaamriwa wagonjwa watembezwe angalau mara tatu kwa wiki. Tuliitwa semina ya siku moja, tukapewa chai, vitumbua na filimbi. Filimbi ninayo mpaka leo. Ni nzima kabisa, maana niliitumia siku moja tu.

Siku hiyo nilichagua wagonjwa wanane waliotulia, Ambokile akiwamo. Niliwavalisha mashati safi, nikawapanga wawili wawili, nikawaambia wasipige kelele wasije wakawashtua watu. Mama Tusajigwe alibaki wodini na uji. Nikatangulia mbele na filimbi shingoni, tukashika barabara ya vumbi inayopanda kati ya mashamba ya viazi.

Tulipofika kwenye milingoti, ile mikaratusi mirefu ya kando ya barabara, mwanamke aliyekuwa anashuka na kuni alisogea pembeni, akatua mzigo wake, akafunga kitenge vizuri na kuinamisha kichwa. "Poleni sana jamani." Wagonjwa wangu, watu waliolelewa, walimjibu mmoja baada ya mwingine, "Asante, tumeshapoa." Nikafurahi. Nikasema moyoni kwamba watu wa huku wana utu, wanawapa pole hata wagonjwa wa akili. Mbele kidogo wazee wawili wakavua kofia. Wao nao walitupa pole, na sisi tukapoa.

Ambokile alikuwa mwisho wa msafara, na yaliyotokea huko nyuma alinisimulia mwenyewe baadaye. Yule mwanamke wa kuni alimfuata akamuuliza kwa sauti ya chini, "Ni nani amefariki?"

Ambokile alifikiri. "Bado hawajatuambia," akajibu.

Tuligeuza, tukashuka. Kwenye geti la hospitali nilipuliza filimbi na kugeuka niwahesabu. Nilikuwa na watu kumi na tisa. Nyuma ya wanane wangu walisimama kina mama na wazee kumi na mmoja, wamejifunga vitenge na makoti, mmoja amebeba beseni la unga kichwani. Mzee mmoja akanisogelea kwa heshima zote.

"Sista, maiti tunaichukulia mlango gani?"

Uso ulinishuka. Nikaeleza kwamba hakuna maiti, hawa ni wagonjwa wangu, wako kwenye mazoezi.

"Mazoezi ya nini?" aliuliza mama wa unga.

"Ya kutembea."

Akawatazama wale wanane kuanzia viatu hadi vichwa. "Kwani hawajui kutembea?"

Jibu la hilo semina haikunipa. Wazee waliondoka wakinung'unika, mmoja akisema ameacha ng'ombe bila maji. Yule mama alitua beseni lake mbele ya geti. Nikamwomba arudi na unga wake. Akakataa katakata, akasema unga alioutoa kwa ajili ya msiba hawezi kuurudisha nyumbani, atakuwa anauita msiba mlangoni kwake. Wodi ilikula ugali mzuri siku hiyo.

Mama Tusajigwe alicheka mpaka akakaa chini. Alipomaliza akafuta machozi na kunipa somo ambalo semina nzima haikulitaja.

"Mwanangu, watu wazima wanane, asubuhi yote hii, kimya, mikono mitupu. Hawana jembe, hawana ndoo, hawana kikapu. Wewe ungesema wanakwenda wapi kama si kuzika?"

"Wanakwenda kutembea, mama."

"Huku mtu mzima hatembei tu. Anayetembea tu ndio hao tunawaletea nyie."

Niliyatafakari maneno hayo zamu nzima. Mimi mwenyewe ni mtoto wa mkulima. Tangu nikiwa na miaka sita sikuwahi kutumwa mahali nikaenda mikono mitupu au nikarudi mikono mitupu. Na bado niliwatoa watu wazima nje wakiwa hawana hata kikapu, kisha nikashangaa wanapewa pole.

Filimbi nikaifungia kabatini. Tukaanza upya, na hiyo ndiyo programu mnayoiona leo. Wakati wa kwenda, kila mmoja alibeba maganda ya viazi na ukoko kutoka jikoni kwa ajili ya nguruwe wa mkulima mmoja huko juu. Wakati wa kurudi, kila mmoja alibeba samadi ya bustani tuliyoianzisha kando ya wodi. Mwenye miguu mizito alibeba kidogo, mwenye nguvu akabeba kiroba. Mikono iliyokuwa inatetemeka ilitulia kiasi ilipopata kitu cha kushika. Sisemi ni tiba, nasema niliiona kwa macho yangu. Jambo jingine nililoliona ni kwamba mtu aliyebeba mzigo husalimiwa kama mtu. Anaulizwa ametoka wapi, samadi ni ya ng'ombe au ya mbuzi, na viazi vyao wodini vimepatwa na ukungu au la. Mama wa unga, ambaye alikuwa anakaa karibu na ile milingoti, akawa anawafahamu mmoja mmoja. Siku mmoja wao asipoonekana alikuwa anauliza.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka Jumapili moja Yohana alipokuja kumtazama mdogo wake akaelezwa kwamba siku hizi anatembea mara tatu kwa wiki. Alinifuata ofisini huku anahema.

"Sista, mimi sikuelewi. Nimeleta mtu aache kutembea, nyie mnamtembeza? Si ndo ugonjwa wenyewe huo!"

Nilimweleza habari ya mzigo. Nilimweleza kwamba anayekwenda Makongolosi hana anachopeleka wala anachosubiriwa nacho, ila huyu sasa anakwenda na kitu na kurudi na kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema maneno ambayo nimeyakumbuka miaka yote.

"Wewe hukulala siku tisa porini unamwita."

Daktari alikuwa ameshasema Ambokile yuko tayari kurudi nyumbani. Kitanda chake kilikuwa kinasubiriwa. Yohana hakukataa kumchukua, ila hakuficha kwamba akifika atafungwa usiku na mchana mpaka atakapoamini. Mimi sikuwa na namna ya kumzuia. Nilikuwa na maneno tu, na maneno alikuwa ameshayasikia. Niliwaza wiki nzima, na hatimaye nikafanya jambo ambalo leo msimamizi yeyote angeniandikia barua ya onyo. Nilimtuma Ambokile nyumbani peke yake.

Nilimpa kiroba cha mbegu za viazi kutoka bustani yetu, viazi alivyovipanda na kuvipalilia kwa mikono yake. Kwenda ni mwendo wa saa moja na robo. Nikamwambia, "Mpelekee kaka yako. Mpe mkononi, usimpe mtu mwingine. Halafu akupe mzigo wa kurudi nao." Nilitaka Yohana ayaone yote kwa macho yake. Mama Tusajigwe aliuliza kama nimehakikisha Yohana yuko nyumbani. Nikasema mkulima atakuwa wapi asubuhi hiyo.

Mkulima alikuwa mjini anauza kabichi.

Saa saba, ambayo tulikubaliana awe amerudi, ikapita. Saa nane mvua ikaanza, ile ya Mbeya isiyo na haraka. Nilisimama dirishani nikitazama geti. Aliyeingia getini alikuwa Yohana, amelowa chapachapa, begani ana kamba mpya ya nailoni ya bluu, bado imeviringishwa kama ilivyotoka dukani.

"Mke wangu kapiga simu. Anasema Ambokile katoroka hospitali, yupo nyumbani kwangu, amekaa nje, hataki kuingia wala kuongea. Ilikuwa saa tano hiyo. Sasa hivi simu yake haipatikani. Sista, mlimwachiaje?"

Sikujitetea. Nikachukua koti, nikamwachia Mama Tusajigwe funguo, tukatoka.

Tulipanda ile barabara kwa kasi bila kuongea. Kwenye milingoti mama wa unga alikuwa barazani kwake anakinga maji ya mvua. Alituona sisi wawili, tumelowa, tunakimbia nusu, hatuna mzigo wowote zaidi ya ile kamba. Akaacha ndoo yake na kusimama wima.

"Poleni sana. Nani tena jamani?"

Safari hii sikusimama kueleza. Yohana alizidisha mwendo. Tulikwenda hatua kama ishirini, ndipo akasema taratibu, kama mtu anayejisemea mwenyewe, "Kama ameshaondoka, ameelekea Makongolosi. Na mvua hii atakufa, sista. Mimi nachoka kumtafuta, ila sijui kuacha." Nilimwonea huruma sana. Nilijiona mjinga pia, kwa miezi yote niliyomhesabu kuwa ndiye tatizo.

Hatukumkuta amekwenda. Alikuwa amekaa uwanjani, ukingoni mwa paa ambapo maji yalikuwa yanamdondokea bega moja, juu ya gogo, na kiroba amekipakata mapajani chini ya sweta kisilowe. Mke wa Yohana alikuwa amesimama mlangoni na simu iliyokwisha chaji. "Nimembembeleza anipe hicho kiroba akae ndani," alisema. "Hataki. Anasema si changu."

Ambokile alisimama alipomwona kaka yake. Miguu ilikuwa imemkakamaa kwa baridi.

"Sista alisema nikupe wewe, mkononi," alisema. "Nimekusubiri."

Yohana akanyoosha mikono, na ndipo ile kamba ikateleza kutoka begani ikamshukia mkononi. Wote wanne tukaitazama. Ambokile naye aliitazama, akiwa bado ameshika kiroba, na uso wake haukubadilika.

"Umenunua kamba mpya," alisema. "Ni yangu?"

Mvua ilikuwa inapiga bati. Mke wa Yohana akaangalia chini. Mimi nilikuwa na maneno mengi mdomoni, na kwa mara ya kwanza katika kazi yangu niliyameza yote.

"Ya kuni," Yohana alisema. Akarudia. "Ni kamba ya kuni."

"Haya," Ambokile akasema. "Sista alisema utanipa mzigo wa kurudi nao."

Yohana alipokea kiroba kwa mikono miwili, akakiingiza ndani yeye mwenyewe. Kisha akaenda stoo, kwenye ile nguzo, akatoa kuni kavu, akazipanga, na kuzifunga kwa kamba ya bluu. Alifunga polepole, akakaza, akafungua, akafunga tena. Alikuwa hajui kumaliza. Mwisho alimtwisha mdogo wake begani. Tulirudi mimi na Ambokile peke yetu. Yohana alisimama barabarani mvuani mpaka tulipokata kona, na hakutufuata.

Wodini Mama Tusajigwe alimvua nguo zilizolowa, akampa uji, akamnong'oneza kwa Kinyakyusa mambo ambayo sikuyaelewa. Mimi nilipeleka kuni jikoni, nikaificha ile kamba kabatini nyuma ya filimbi. Sikutaka iwe karibu na mgonjwa, wala irudi ilikotoka. Nilidhani nimefanya busara.

Wiki mbili baadaye Yohana alikuja kumchukua. Alikuwa amevaa koti la kanisani na hakutaja miguu. Faili likafungwa, dawa zikafungashwa, tarehe ya sindano ikaandikwa, na nikampa Ambokile mzigo wake wa mwisho wa kwenda, kabichi mbili za bustanini. Hakuondoka. Alisimama mbele ya meza yangu.

"Bado kamba ya kaka," alisema.

Nikamwambia haina haja, kaka yako anaweza kununua nyingine.

"Ilikuja na mzigo. Lazima irudi."

Nilimtazama Mama Tusajigwe nikitegemea msaada. Alikuwa ameegemea fagio. "Mpe, mwanangu," alisema. "Kamba si yako."

Nikafungua kabati nikampa. Yohana alikuwa mlangoni, ameona kila kitu, na macho yalimjaa machozi. Ambokile aliiviringisha vizuri, akaivaa begani, akachukua kabichi zake, wakashuka ngazi. Usiku ule sikulala vizuri, nasema ukweli.

Mama Tusajigwe alistaafu kabla yangu akarudi Rungwe. Mimi nilimalizia kazi hapa Iringa, ambako nilikuta wagonjwa wanazungushwa uwanja wa hospitali kwa filimbi. Niliwaachia siku mbili kwa adabu, siku ya tatu nikatafuta ndoo. Kabla sijahama, Ambokile alikuwa anakuja hospitali ya Mbeya kuchomwa sindano yake kila mwezi, kwa miguu, peke yake, na kila mara alibeba kitu. Kadi yake haikuwahi kukosa tarehe kwa muda wote niliokuwapo. Kama aliwahi kufungwa tena, vidonda sikuviona, na nilikuwa namwangalia mikono kila mwezi.

Siku ya kuhama Mbeya niliomba gari linipitishe ile barabara ya mlimani, kuwaaga watu. Karibu na milingoti tulipishana na ndugu wawili wanashuka, kila mmoja na mzigo wa kuni begani. Dereva alitaka kuongeza mwendo, nikamwomba asimame. Yohana aliniamkia, akauliza nahamia wapi, akanitakia safari njema. Ambokile alisema wanapeleka kuni kwa mama wa unga, amefiwa na mumewe, na wao wanakwenda msibani kweli.

Mzigo wa Yohana ulikuwa umefungwa kwa gamba la mgomba. Wa Ambokile ulikuwa umefungwa kwa kamba ya bluu, imechakaa, ina vifundo viwili vya kuungia. Aliponiona naitazama akageuza bega kidogo ili niione vizuri.